León msiipite mbio: jibu kwa mwalimu mstaafu wa Masasi anayeenda hija ya miguu

Shikamoo mwalimu. Ujumbe wako nimeusoma wote mpaka mwisho na nashukuru kwa kuniamini na swali kubwa hivi. Naliweka kwa kifupi ili na wengine watakaosoma waelewe: una miaka 61, umestaafu kufundisha historia na uraia hapo Masasi, umekulia Ndanda kwa wamisionari, mtoto wa dada yako anayeishi Ujerumani amejitolea kukulipia mwende wote hija ya Mtakatifu Yakobo kule Hispania, ile inayoishia mji wa Santiago, mna siku 16 ukitoa za kwenye ndege, mtaanzia León, na mpwa wako anasema mkilala usiku mmoja tu kesho yake mnaanza kutembea kwa sababu mji ni mji tu, hija iko barabarani. Wewe goti la kulia linakusumbua, na unauliza León kuna nini hasa cha kumfanya hujaji akae, na kama mkikaa Santiago mtafika kweli.

Jibu langu ni mkae. Laleni usiku mbili na katikati muwe na siku moja nzima isiyo na safari, na siku zisipotosha punguzeni barabara, mji msiupunguze. Najua mpwa wako hatolipenda hili ila nivumilieni nieleze. Mimi niko Mtwara mjini, kazi yangu kutembeza wageni kwenye miji yetu ya kale, Mikindani na Kilwa, na kuwaandalia safari watu wa huku wanaotaka kwenda hija za miguu, na kitu ninachokiona kwa wanaorudi ni kwamba waliokimbiza kilomita wanakumbuka miguu yao na waliosimama mijini wanakumbuka hija. Hiyo njia haikuwepo peke yake porini. Iliwekwa na miji iliyojenga hospitali, madaraja, makanisa na nyumba za kulala wageni kwa ajili ya watu waliokuwa wanakuja wachovu na wagonjwa, na León ni kati ya iliyofanya hivyo kwa ukubwa kabisa. Ukiuvuka kama stendi ya kubadilishia basi utakuwa umepita njia ya mahujaji bila kujua walikuwa wanapokelewaje.

Tuanze na hesabu maana wewe mwalimu utataka kuiona. León mpaka Santiago ni kama kilomita 310. Katika siku zenu 16 toa ya kwanza ya kushuka Madrid na kupanda treni kwenda León (treni ya kasi ni masaa mawili na kitu), toa moja ya kukaa Santiago na moja ya kurudi, zinabaki 13, ambayo ni karibu kilomita 24 kila siku ya Mungu bila kupumzika hata mara moja. Na katikati kuna milima miwili ya kweli, wa Cruz de Ferro ambao unafika kama mita 1,500 na wa O Cebreiro kama 1,300, na ule mteremko wa kutoka Cruz de Ferro kwenda Molinaseca ni mawe juu ya mawe, sasa goti bovu halimalizwi na kupanda, linamalizwa na kushuka. Mpwa wako ataweza. Wewe utafika katikati uanze kutafuta taksi, na hapo ndio mtaanza kununiana.

Ila cheti cha hujaji, ile Compostela, hakidai utembee 310. Kinadai angalau kilomita 100 za mwisho kwa miguu, mfululizo mpaka Santiago, na pasipoti yako ya hujaji iwe na mihuri miwili kila siku kwenye hizo 100. Ndio maana watu wengi sana wanaanzia Sarria, ambayo iko kama kilomita 115 kutoka Santiago. Kwahiyo mimi ningewapangia hivi: siku ya kwanza mfike León, ya pili mkae, ya tatu mpaka ya tano mtembee León mpaka Astorga kupitia Villar de Mazarife na Hospital de Órbigo, ni kama kilomita 50 na kidogo na karibu pote ni tambarare, goti halitolalamika sana. Siku ya sita mpande basi mpaka Sarria, mtabadilisha njiani, na hapo mmeiruka ile milima yote miwili. Ya saba mpaka ya 13 mtembee Sarria kwenda Santiago polepole, kilomita 16 au 17 kwa siku, ambayo kwa mwendo wako ni asubuhi moja mnakuwa mmefika. Zinabaki siku za Santiago na moja ya akiba ikitokea mvua au malengelenge. Hiyo siku ya akiba mpwa wako ataiona ni ya kupoteza lakini msiifute.

Sasa León yenyewe.

Mji ulianza kama kambi ya jeshi la Warumi na ukuta wao bado upo mpaka leo, mtaupitia nyuma ya kanisa la San Isidoro na karibu na kanisa kuu, umejaa minara ya duara. Baadaye ukawa makao ya wafalme wa León, ukabomolewa na majeshi ya Al-Mansur, jemadari Muislamu wa Córdoba kusini mwa Hispania, mwaka 988, miaka tisa kabla hajafika Santiago kwenyewe na kuchukua kengele za kanisa, ukajengwa tena. Nakutajia haya kwa sababu vitu viwili nitakavyokuambia uvione vyote vimesimama juu ya hiyo historia, na narudia viwili, sio kumi. Watu wanafika León na orodha ndefu kwenye simu, jioni miguu imevimba kuliko kama wangetembea njiani.

Cha kwanza ni San Isidoro, na uende asubuhi kabla hujachoka. Mwaka 1063 Mfalme Fernando wa Kwanza alituma maaskofu kwenda Sevilla, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mtawala Muislamu aliyekuwa anamlipa kodi, wakaombe mwili wa Mtakatifu Yusta wauzike León. Hawakumpata Yusta, wakarudi na Mtakatifu Isidori, yule askofu msomi wa karne ya 7, na mmoja wa wale maaskofu akafariki huko huko Sevilla. Kanisa likawekwa wakfu mwaka huo huo na likawa kituo kikubwa cha mahujaji. Kwa wewe uliyefundisha historia fikiria huku kwetu karne hiyo hiyo ya 11 Kilwa Kisiwani wanajenga sehemu ya kwanza ya Msikiti Mkuu, hizi dunia mbili zilikuwa zinaishi kwa wakati mmoja, na baadaye kuna mtu alizigusa zote, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331 na kama miaka 20 mbele akawa yuko Granada, kusini mwa hiyo hiyo Hispania.

Upande wa magharibi wa San Isidoro, kikiwa kimeshikana na kanisa, kuna chumba walichozikwa wafalme, malkia na watoto wao, zaidi ya 20, na dari yote imechorwa karne ya 12 na rangi bado zinasoma. Hapo utalipa kiingilio na unaingia na kundi kwa zamu, kupiga picha hawaruhusu, na mimi nasema heri, maana utalazimika kuangalia kwa macho. Simama chini ya tao lenye miezi 12 ya mwaka. Kila mwezi umechorwa kama mtu na kazi yake: Februari mtu anaota moto, Machi anapogoa mizabibu, Julai anavuna na mundu, Agosti anapura, Septemba anachuma zabibu, Oktoba nguruwe wanalishwa, Desemba amekaa mezani na mkate wake. Pale juu ya makaburi ya wafalme hawakuchora wafalme na watakatifu peke yao, wamechora na wakulima. Wewe mwenye mikorosho yako utalielewa lile tao kuliko mtalii yeyote wa mjini, maana na sisi mwaka tunauhesabu hivyo hivyo, mwezi wa kupuliza salfa, mwezi wa kuokota, mwezi wa mnada. Na pembeni yake kuna wachungaji wanaopewa habari na malaika, mmoja anamnywesha mbwa wake maziwa na hata hajamaliza kusikiliza. Mtafute yule mbwa.

Ukitoka hapo, upande wa nje wa kanisa, uangalie Mlango wa Msamaha. Hapa ndio napotaka na mpwa wako asome. Zamani hujaji aliyekuwa mgonjwa au aliyeishiwa nguvu, asiyeweza kuvuka ile milima niliyoitaja, akifika kwenye mlango huo na kutubu alihesabiwa rehema zile zile za aliyefika Santiago. Kuna mlango mwingine wa hivyo mbele huko Villafranca del Bierzo. Yaani Kanisa lenyewe, zamani hizo, lilijua kuna magoti hayatafika na likawawekea mlango. Sasa leo tunamwambia mama wa miaka 61 kwamba asipotembea zote 310 hija yake pungufu, hiyo sheria tumeitoa wapi? Panda basi siku ya sita mwalimu na usijisikie vibaya hata kidogo.

Ukiwa umechoka ingia tu kanisani San Isidoro, huko hakuna kiingilio, Sakramenti Kuu inaabudiwa pale kwa muda mrefu sana kila siku na utakuta kimya na watu wa mtaani wanasali kawaida. Kaa. Na kwa mwalimu wa uraia kuna kingine: mwaka 1188 Mfalme Alfonso wa Tisa aliita baraza León na safari hii sio maaskofu na mabwana wakubwa peke yao, walikuja na wawakilishi wa watu wa mijini, na mfalme akaahidi asiingie vitani wala kufanya amani bila kushauriana. Kumbukumbu za baraza hilo UNESCO waliziingiza mwaka 2013 kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia kama ushahidi wa zamani kabisa ulioandikwa wa mfumo wa bunge Ulaya. Sisi tulifundishwa Uingereza na Magna Carta, ule mkataba wa mfalme wao wa mwaka 1215. Hii imetangulia miaka 27.

Saa nane mchana rudini mlikofikia mlale. Nasema kweli, laleni. Kule mchana maduka mengi yanafungwa kuanzia kama saa nane mpaka saa kumi na moja na watu wako majumbani wanakula, mkizurura mtakuta milango imefungwa na jua kali, na goti litakuwa limeshasimama asubuhi nzima kwenye mawe.

Cha pili ni kanisa kuu la Mtakatifu Maria, na hili uende alasiri ya mwisho mwisho. Sababu ni vioo. Lilianza kujengwa karne ya 13, mafundi wakapunguza ukuta mpaka karibu ukaisha, badala ya ukuta wakaweka vioo vya rangi, vyote pamoja ni karibu mita za mraba 1,800, na vingi ni vya zamani kweli, kuanzia karne hiyo ya 13 mpaka ya 16. Upande wa kaskazini ambako jua halipigi wameweka rangi za baridi, bluu na kijani, na hadithi za Agano la Kale, upande wa kusini rangi za moto na Agano Jipya. Jua likielekea kuzama linaingia kwa dirisha kubwa la duara la magharibi na sakafu yote inashika rangi. Asubuhi hutoliona hilo. Watalii wa mabasi wanaletwa saa nne saa tano, wanapiga picha, wanaondoka, wamelikosa kanisa wakiwa ndani yake.

Na sio kwamba lilisimama tu kwa raha. Lilijengwa juu ya mabafu ya Warumi, jiwe lake laini, na karne ya 19 lilikuwa linaelekea kuanguka, likatangazwa mwaka 1844 kuwa jengo la kwanza la urithi wa taifa Hispania nzima na kazi ya kuliokoa ikachukua miongo. Mwaka 1966 radi ikapiga paa likaungua, vioo vikapona. Mimi ninayeishi na magofu ya Kilwa, ambayo UNESCO waliyaorodhesha mwaka 1981 na bado tunahangaika na bahari inayokula kingo za kisiwa, nikisoma habari za mji uliokataa kanisa lake lianguke kwa miaka 150 napata hamu sana watu wetu waende waone inavyofanyika.

Kabla hujaingia, pale mbele kati ya milango utaona nguzo yenye maandishi ya Kilatini, ndipo kesi zilikuwa zinasikilizwa, mtu mwenye rufaa anasimama hapo mbele ya kanisa mbele za watu. Kwa kutalii utalipa, kwa misa hulipi, ila kwenye misa usizunguke na simu kuangalia vioo, kaa usali, siku ile una muda wa vyote viwili.

Casa Botines, jengo la yule msanifu majengo Gaudí, iko njiani kati ya San Isidoro na kanisa kuu, itazame kwa nje upite, kuna nyingine ya Gaudí utaiona Astorga na ile ni ya askofu, nadhani utaipenda zaidi.

Sasa kulala. Usiku wa kwanza chukueni gesti ya kawaida yenye chumba chenu, mtakuwa mmetoka kwenye ndege na treni mnahitaji usingizi. Usiku wa pili nendeni albergue, ndio nyumba za mahujaji, na León kuna moja ya masista Wabenediktini, watu wanaiita Carbajalas. Vitanda dabo deka, wanaume upande wao na wanawake upande wao, mlango unafungwa usiku mapema, bei ndogo, wanapokea kwa kufuata nani katangulia kwahiyo mfike mchana. Nyumba hizi kwa kawaida haziruhusu usiku wa pili kwa mtu mzima wa afya, ndio maana nimezipanga hivyo. Jioni masista wanawaita mahujaji kanisani, wanasali sala ya mwisho ya usiku na kuwabariki wote, wa dini zote na wasio na dini.

Mwalimu, wewe umekulia Ndanda. Abasia ya Ndanda ni ya Wabenediktini tangu mwaka 1906, zile zaburi ulizozisikia jioni ukiwa binti mdogo na hawa masista wa León wanazo, kanuni yao moja, ya Mtakatifu Benedikto, inayosema mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Kispanyola hutokielewa lakini utajua wamefika wapi kwa mwendo wa sauti, wakati wa kusimama, wakati wa kuinama. Mpwa wako anaweza akaona hiki ni kitu kidogo. Kwangu mimi hiki peke yake kinatosha kukufanya ulale León, mtu ametoka kusini kabisa ya Tanzania akafika mji wa wageni akakuta sala ya nyumbani, halafu kesho asubuhi ndio anaanza kutembea.

Jioni hiyo kabla ya sala kama goti linaruhusu tembeeni mpaka San Marcos, ni dakika 20 hivi kutoka katikati, ukingoni mwa mto Bernesga. Ilikuwa hospitali ya mahujaji ya Shirika la Mtakatifu Yakobo, sasa ni hoteli ya kifahari, na mbele yake ukutani pamechongwa kwa namna ambayo utasimama tu. Pale uwanjani kuna sanamu ya hujaji amekaa chini ya msalaba, amevua ndala, kichwa amekiinua. Lakini pia ujue jengo hilo hilo lilikuwa gereza, na wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1936 walifungwa humo maelfu na wengi hawakutoka salama. Vipeperushi vya hoteli havianzi na hilo. Waombeeni na hao.

Chakula msihangaike. Ile mitaa ya nyuma ya uwanja mkuu wanaiita Barrio Húmedo, ukiagiza kinywaji, hata soda, wanakuletea na kisahani cha kitu cha kula bure, ukizunguka sehemu tatu umeshiba. Nguruwe yuko kila mahali kwahiyo kama mna mwenzenu asiyekula aulize kwanza, ila León wana nyama yao ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, cecina, nzuri sana na inabebeka njiani. Maji ya bomba yananyweka. Chakula cha jioni kule ni saa tatu usiku, sisi tunaolala mapema tunateseka, tafuteni sehemu zenye menyu ya hujaji wanaanza saa moja.

Asubuhi ya tatu mnapoondoka nina ombi moja. Kutoka León kwenda La Virgen del Camino ni kama kilomita saba au nane za maghala, gereji na barabara kubwa. Pandeni basi la mjini mkaanzie hapo La Virgen, hizo kilomita hazihesabiki kwenye zile 100 na goti halina sababu ya kuzilipia. Na pale La Virgen kuna kanisa la mwaka 1961, la kisasa kabisa, mbele wamesimama mitume wa shaba wa mchongaji Subirachs pamoja na Bikira Maria, na Yakobo utamtambua kwa kuwa mkono wake unaonyesha njia ya kwenda Santiago. Chukueni muhuri, mfuate mishale ya njano kwenda upande wa Villar de Mazarife, hapo njia inagawanyika, ile nyingine inaambatana na barabara kuu na malori yake muda wote.

Kuhusu lini, umesema lazima uwe nyumbani korosho zikianza kushika kasi, basi nendeni mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa tisa. León iko juu kama mita 840 na ni bara ndani, hata mwezi wa tano asubuhi inaweza kukukuta na nyuzi sita saba, baridi ya Newala cha mtoto, beba sweta na koti la mvua. Mwezi wa saba na wa nane jua la tambarare ile kali na watu wamejaa. Halafu 2027 ni mwaka mtakatifu wa Yakobo, kwa sababu tarehe 25 Julai inaangukia Jumapili, rehema ni nyingi na foleni ni nyingi, kama mnaangukia mwaka huo mweke nafasi za kulala mapema hasa kuanzia Sarria.

Mazoezi anza sasa. Kila siku nusu saa, jumamosi masaa mawili, na viatu vile vile utakavyovaa kule, visiwe vipya siku ya safari. Mwezi wa mwisho pandeni na kushuka kile kilima cha nyuma ya Ndanda kuelekea uwanda wa Makonde, na kushuka tumia fimbo mbili, jifunze kuegemea fimbo badala ya goti. Ila kabla ya yote hayo nenda hospitali goti lipimwe, mwambie daktari waziwazi kwamba unataka kutembea kilomita 16 kwa siku kwa siku kumi, asikupe dawa za maumivu tu ukaondoka. Begi lako lisizidi kilo sita, na kuanzia Sarria kuna huduma ya kusafirishiwa begi mpaka utakapolala kwa euro chache, itumie kila siku bila aibu.

Viza ni ya Schengen, ubalozi wa Hispania upo Dar, ada euro 90, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15, wewe peleka miezi mitatu kabla. Bima ya safari iwe inafidia angalau euro 30,000. Mpwa wako akikugharamia aandike barua na aambatanishe uthibitisho wa kipato chake na wa undugu wenu, na wewe weka hati ya pensheni, hati ya shamba, kila kitu kinachoonyesha una cha kurudia Masasi. Barua ya paroko nayo wekeni. Na usiku mbili za León ziandikwe kwenye ratiba mtakayopeleka ubalozini na nafasi zikiwa zimeshawekwa, hapo mpwa wako hata akibadilisha mawazo kwenye treni itabidi mlale tu. Ukipata tarehe nitumie nikuangalizie mabasi ya Astorga kwenda Sarria, siku za Jumapili yanapungua.